Basi Linaloondoka Tupu

Jumapili usiku nilitoka maktaba nikapanda basi hapa Göttingen, Ujerumani, ninakosomea uchumi. Ndani tulikuwa wawili, mimi na dereva. Nikajiegemeza dirishani, nikatoa simu, nikajiandaa kwa kikao kirefu kama mtu yeyote aliyelelewa na steji ya Kisumu, Kenya, ambako matatu haitoki mpaka ijae. Dakika iliyoandikwa kwenye ratiba ikafika, mlango ukajifunga, basi likaondoka na viti vyake vyote. Hakuna aliyepiga mluzi. Hakuna aliyegonga bodi. Hakuna aliyeniambia nisonge.

Nilifurahi, kisha nikakasirika, na hiyo hasira ndiyo imenifanya niandike.

Kabla hamjaniandama: sijasema huku ni peponi. Treni zao zina aibu zake. Shirika la reli la hapa huhesabu kwamba treni imefika kwa wakati mradi haijachelewa dakika sita, na hata kwa kipimo hicho cha huruma, mwaka 2024 treni za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa kama 62 tu kati ya kila 100. Wenzangu darasani hulalamika mpaka povu linawatoka. Juzi mmoja aliniambia nchi yao imekwisha, kwa sababu basi lake lilichelewa dakika saba. Nilimeza maneno. Ningeanzia wapi? Huyu hajawahi kuingia gari la kwenda Siaya akiwa abiria wa kwanza.

Ninyi mmewahi. Unafika steji mapema, makanga anakuapia kwa jina la mamake kwamba amebakisha wawili tu, gari linatoka sasa hivi. Unachungulia, kweli limejaa. Unaingia, unalipa. Kisha yule kijana wa dirishani anakumbuka ana shughuli, anashuka. Anamfuata mwenye kofia. Anafuata yule aliyekuwa amelala fofofo. Punde si punde mmebaki wewe, gunia la mtu, na mama aliyedanganywa kabla yako, anayekutazama bila hata kukuonea huruma.

Tumesoma muhula huu makala ya George Akerlof ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika: muuzaji anaujua ubovu wa gari, mnunuzi haujui, na kutojua huko kunaliharibu soko lote. Mwaka 2001 alipewa Nobeli pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Spence yeye alieleza jinsi mtu anavyotoa ishara ili aaminiwe, na kwamba ishara hufanya kazi pale inapomgharimu mwongo kuliko mkweli. Mhadhiri alitafuta mfano wa soko lililojaa ishara za uongo, nikanyoosha mkono. Niliwasimulia habari za abiria wa kukodiwa, vijana wanaolipwa hela ya chai ili wakalie viti gari lionekane limejaa. Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaona vibaya, maana anayechekwa pale si makanga. Ni mimi na yule mama.

Kwa nini uongo huo unahitajika? Kwa sababu katika mtindo wetu, wa kwanza kuingia ndiye anayepata hasara kubwa kuliko wote na wa mwisho ndiye mfalme. Mwenye akili zake hataki kuwa wa kwanza, kwa hiyo lazima adanganywe. Makanga si mtu mbaya. Ana hesabu ya mwenye gari ya kupeleka jioni, ana mafuta, ana askari wa barabarani (hapo nisiendelee, mnajua), na kiti kimoja kitupu mpaka Siaya kinatoka kwenye chakula chake. Kiti kitupu lazima kilipiwe na mtu. Swali langu ni moja tu: nani?

Hapa nilipo, wanalipa wote. Chuo cha umma hakinitozi karo, lakini kila muhula kuna ada, na ndani ya ada hiyo mna tiketi ya usafiri. Mwanafunzi anayekwenda chuoni kwa baiskeli mwaka mzima anailipia, atake asitake. Mengine yanatoka kwenye kodi. Basi la Jumapili usiku likienda tupu, watu wasiojuana wameshachangia viti vile. Kwetu kiti kitupu analipia aliyekaa kando yake, na halipi kwa shilingi. Analipa kwa saa.

Shangazi yangu hununua nyanya soko la Kibuye, Kisumu, akaziuze nyumbani, Siaya. Kreti inapandishwa juu ya keria, inafungwa kwa kamba ya mpira, kisha kunangojwa. Jua la Kisumu mnalijua. Saa moja inapita, pengine mbili. Akifika, wateja wa asubuhi wameshanunua kwa mwingine, na nyanya za chini zimeanza kutoa maji. Zile anazipunguza bei au anawapa watoto wa jirani. Sasa hasara hiyo imeandikwa wapi? Mwenye gari ana daftari lake, sacco, yaani ushirika wa wenye matatu, ina lake, kaunti hukusanya ada zake za steji bila kusahau. Saa za shangazi hazina daftari. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama jukwaani aseme usafiri wetu unajiendesha wenyewe bila kuigharimu serikali hata senti.

Mwaka 1972 mchumi Mmarekani Herbert Mohring aliandika jambo ambalo lingeeleweka vizuri pale steji. Abiria wakiongezeka kwenye njia, mabasi yanaongezeka, na kila mtu anangoja muda mfupi zaidi. Maana yake ni kwamba kila abiria mpya anamfaidi mwenzake asiyemjua, na nauli peke yake haiwezi kuhesabu faida hiyo. Kwa hiyo kuna sababu ya kiuchumi ya umma kuchangia mabasi. Sababu hiyo haihusiani na huruma. Mwaka uliofuata, 1973, Mzee Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa wenye gari na kwa wananchi waliokuwa wakitembea kwa miguu. Ubaya wake ni kwamba serikali ilipata mtu wa kumwachia kazi, ikamwachia moja kwa moja.

Najua mtakayosema. Wa kwanza atasema, mwacha mila ni mtumwa. Ndugu yangu, kungoja gari lijae si mila. Babu zetu hawakungoja gari. Mwingine ataleta haraka haraka haina baraka. Nami nitamjibu kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na tukiendelea hivyo tutakesha. Wa tatu, huyu ndiye ananiudhi hasa, atasema saa ya Mwafrika ndiyo hiyo, sisi hatuwezi ratiba. Nenda basi pale pale Kisumu jioni, uangalie mabasi makubwa ya Nairobi. Kiti kina namba, tiketi ina saa, ukichelewa unaachwa na nauli yako inabaki nao. Dereva ni Mkenya, abiria ni Wakenya, na wale wale waliolala kwenye gari la Siaya asubuhi ndio wanaokimbia na mabegi jioni. Tunaweza. Tumeamua tu kwamba anayekwenda Nairobi ana haraka, na anayekwenda Siaya na nyanya hana.

Na tena msiniambie haiwezekani kubadilisha matatu. Februari 2004, sheria za marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza, wenye magari waligoma, tukatembea. Kisha mikanda ikafungwa, vidhibiti mwendo vikafungwa, abiria wakaketi. Yaliyofuata baadaye ni habari nyingine, lakini iliwezekana.

Kuna hoja moja ambayo sina jibu lake safi, na ililetwa na mama yangu kwenye simu. Aliniuliza, "Sasa magari yakianza kutoka kwa saa, yule anayeuza mayai na kachumbari dirishani atamuuzia nani?" Nilinyamaza. Ni kweli, kungoja kwetu ni soko la watu. Mayai, njugu, maji, soksi, chaja za simu, mhubiri na sadaka yake, wote wanaishi kwa dakika zetu. Mchumi atasema watahamia kwenye kazi nyingine. Mchumi huyo hana mtoto wa kupeleka shule Januari.

Halafu kuna binamu yangu, kondakta wa njia hiyo hiyo, ambaye tangu nije huku hunijibu kwa maneno matatu: "Lete basi lako." Anadhani nimetajirika. Binamu, kabla ya viza ilibidi nionyeshe euro 11,904 kwenye akaunti iliyozuiwa, ninatolewa 992 kwa mwezi, na wewe unajua vizuri pesa hizo zilitoka kwenye harambee gani, kwa sababu ulikuwa pale ukishika sufuria ya wali. Sina basi. Na wala sikudharau. Kuna siku ya baridi hapa nililikimbilia basi, dereva akaniona kwenye kioo, macho yetu yakakutana, akafunga mlango akaenda zake. Wewe hungefanya hivyo. Wewe ungesimama katikati ya barabara, ungenivuta kwa mkono, ungenikalisha juu ya kibao kati ya viti viwili, na njiani ungepokea bahasha ya mtu ukaifikisha Ng'iya bila risiti wala kuipoteza. Hapa sijui nimpe nani bahasha. Ukiniuliza ni nani ningetaka aendeshe gari lenye ratiba, nitasema wewe.

Ninachoomba ni kidogo. Kwenye njia moja, magari mawili ya alfajiri yatoke saa kumi na mbili na saa moja, yajae yasijae, na kaunti ilipe vile viti vitakavyobaki. Matatu ina viti kumi na vinne. Tuseme wanaingia tisa, vinabaki vitano. Nauli ya watu watano, mara mbili kwa asubuhi. Kaunti zetu zimewahi kupoteza pesa kubwa kuliko hizo kwa chai ya mkutano mmoja. Zamu ibaki, sacco ibaki, mayai yauzwe kuanzia saa mbili.

Binamu anasema wenye magari watasema uongo kuhusu viti vilivyobaki. Bila shaka watasema. Ndiyo maana nimemwomba aanze kuandika sasa, kabla ya pesa ya mtu kuingia: gari limeanza kupakia saa ngapi, limetoka saa ngapi, na abiria wa kwanza alikuwa na mzigo gani. Nataka kuitumia orodha hiyo kwenye tasnifu. Jana amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Saa ya kuanza kupakia ipo, ya kutoka ipo, wakala wa benki na mama wa samaki wamo. Chini kabisa ameandika kwamba kazi hii ina gharama na nitume mia tano, na mia mbili ya daftari.