Vitamini C baada ya upasuaji wa moyo: tuwape watoto au tusubiri?

Mtoto anapofunguliwa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago, damu yake hupitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Mshipa mkuu hubanwa kwa koleo, kisha dawa yenye potasiamu huulaza moyo ili daktari azibe tundu ambalo mtoto alizaliwa nalo. Hatari nyingine huja koleo linapofunguliwa. Damu yenye oksijeni hurudi ghafla kwenye misuli iliyoikosa, na chembe huru za oksijeni huzalishwa nyingi kuliko mwili unavyoweza kuzizima. Huo ndio mkazo wa oksidesheni. Tando za seli huharibika, moyo hupiga kwa unyonge, mapafu hujaa maji, na mtoto hukawia kuachishwa mashine ya kupumulia.

Ndiyo maana wapo wanaosema watoto hawa wapewe antioksidanti, yaani vitu vinavyozizima chembe huru, hasa vitamini C kwa dripu. Hoja yao ina uzito. Akiba ya vitamini C mwilini hushuka baada ya mashine, na dawa yenyewe ni ya bei nafuu. Isitoshe, wengi wa watoto wetu hufika wamechelewa. Mwenye tetralojia ya Fallot, kasoro ya moyo ya kuzaliwa inayopunguza oksijeni kwenye damu, huja midomo imegeuka bluu, ncha za vidole zimevimba, akitembea hatua chache anachuchumaa kutafuta pumzi. Mwili uliozoea oksijeni kidogo huwa na kinga dhaifu dhidi ya chembe huru, na oksijeni nyingi ya ghafla huuumiza zaidi. Ongeza utapiamlo, maana mtoto anayechoka akinyonya hashibi.

Hata hivyo, kinachoeleweka maabara hakiponyi kila mara wodini. Mwaka 2001 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapa watoto wachanga alopurinoli, dawa inayopunguza uzalishaji wa chembe huru, kabla ya upasuaji wa moyo. Waliofaidika ni wale ambao upande wa kushoto wa moyo haukukua. Wenye kasoro nyingine hawakupata nafuu ya maana. Tena chembe hizohizo ndizo silaha ya seli nyeupe dhidi ya bakteria, na kidonda kibichi cha kifua hakiwezi kukosa silaha hiyo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni la hapa kwetu. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, ni wa kawaida katika nchi zenye malaria, Uganda ikiwemo. Mwenye upungufu huo akipewa vitamini C nyingi kwa mshipa, chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka. Himoglobini inayomwagika huchochea oksidesheni ileile tuliyotaka kuizima, na figo huumia. Pia vitamini C nyingi huvipotosha baadhi ya vipimo vya sukari vya kutoboa kidole: kipimo huonyesha sukari ya kutosha kumbe mtoto imemshuka, naye amelala kwa dawa za usingizi, hawezi hata kulia.

Kwa hiyo naegemea upande wa kusubiri, lakini kusubiri huko tukifanya kazi. Kupandisha oksijeni polepole mwanzoni mwa mashine kwa mtoto mwenye midomo ya bluu hakuhitaji dawa mpya. Kumlisha vizuri kabla ya siku ya upasuaji kunawezekana. Kupima siko seli na G6PD mapema kunawezekana pia. Kubwa kuliko yote ni kumfanyia upasuaji kabla hajakaa miaka akikosa oksijeni, na hapo foleni ndiyo adui, kwa sababu takriban watoto 8 kati ya kila 1,000 huzaliwa na kasoro za moyo.

Utafiti wa vitamini wenyewe ufanyike Kampala, kwa watoto wenye damu na historia ya hapa, kipimo cha G6PD kikitangulia. Kwa sasa, mzazi aliyenunua unga wa virutubisho au vidonge vya vitamini mjini amwambie daktari kabla ya kumpa mtoto, na daktari amsikilize bila kumkaripia.