Wataka kununua ama wataka kutizama?

Mamangu alinipigia simu nikiwa kwenye foleni, mvua yanidondokea shingoni. Nikamwambia naingia makumbusho ya chokoleti. Akacheka hadi akapaliwa. "Makumbusho? Kwani hiyo chokoleti imekufa?"

Haijafa. Hapa Köln, Ujerumani, imejengewa jumba la kioo na chuma mfano wa meli, kando ya mto Rhine, limeungana na nyumba ya zamani ya forodha. Ndani mna chemchemi yenye kimo cha mita 3 inayochuruzika chokoleti ya moto, kilo 200 hivi, na dada mmoja kazi yake ni kuchovya biskuti nyembamba na kuwagawia watu. Nilirudi mara mbili. Mara ya pili nilivua kofia asinitambue.

Jumba hilo alilifungua Hans Imhoff mwaka 1993. Ndiye aliyekuwa mwenye Stollwerck, kiwanda cha chokoleti cha mji huu. Mashine za kale, makopo, mabango ya matangazo ya zama za babu zao, vyote vimefutwa vumbi na kupangwa. Kwetu mashine ikichoka huja vijana wa vyuma chakavu wakaipima kwa kilo. Na si Köln peke yake. Bruges, Ubelgiji, wanayo yao, Birmingham, Uingereza, wanayo, na ya Barcelona tiketi yenyewe ni kipande cha chokoleti, ukishaingia waila. Huko Kilchberg, Uswisi, karibu na Zürich, walifungua yao 2020 wakaweka chemchemi inayopita mita 9. Hapo sasa ni mashindano tu, kama maharusi wa siku hizi na keki zao.

Kilichonikaa moyoni mimi pale Köln ni banda la kioo walimopanda mikakao. Nilipoingia tu, miwani ikafanya ukungu, na joto lile la unyevu likanipiga usoni kama nimeshuka feri Likoni mwezi wa Machi. Nikasimama pale muda mrefu kuliko kwenye chemchemi. Mkakao huzaa kwenye shina, kama mfenesi. Ukipasua tunda, mbegu zimevikwa nyama nyeupe laini, mtu wa Pwani atadhani ni stafeli. Mbegu huvundikwa siku kadhaa, mara nyingi chini ya majani ya migomba, kisha huanikwa juani, na ni huko kuvundikwa kunakoanza kuipa ladha tunayoiita chokoleti. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia yatoka Kodivaa na Ghana. Ulaya hakuna shamba hata moja la maana, lakini makumbusho yamejaa.

Ghana wanamkumbuka Tetteh Quarshie, mhunzi aliyekwenda kufanya kazi kisiwa cha Fernando Po, leo Bioko, akarudi na mbegu za kakao akazipanda Mampong mwaka 1879. Huyo alikuwa mtu wa ng'ambo kama mimi, ila yeye alirudi na mbegu. Mimi hurudi na chokoleti za uwanja wa ndege, nazo zikifika Mombasa zishakuwa uji. Mwaka jana mamangu alizitia kwenye friji, zikatoka na madoa meupe, akazitupa akisema zimeota kuvu. Siyo kuvu. Ni mafuta ya kakao, huyeyuka kwenye joto la nyuzi thelathini na kitu, yakapanda juu na kuganda upya. Hayo niliyasoma ukutani Köln, nikampigia kumweleza. Akasema hata kama.

Mwaka huohuo wa 1879, kule Bern, Rodolphe Lindt alibuni mashine ya kusugua na kukoroga chokoleti kwa saa nyingi mfululizo hadi ikawa laini ulimini. Haya yote nayajua. Ndipo siku moja nikapeleka halua ya Mombasa kazini, wenzangu wakaramba vidole, mmoja akauliza inapikwaje. Nikasema wanga, sukari, samli, iliki, kungumanga. Halafu? Inakorogwa. Muda gani? Nikanyamaza. Mimi niliyezaliwa nyumba tatu kutoka jiko la halua.

Kuna marafiki wasemao basi tujenge makumbusho ya halua pale karibu na Fort Jesus. Mimi sitaki. Najua yatakavyokuwa: kibao cha uzinduzi chenye jina la mheshimiwa, kipande cha halua ndani ya kioo, na siafu. Makumbusho ya Köln ni mazuri kwa sababu kazi ile imeshahamia viwandani, mtu haioni tena. Halua yetu bado yapikwa na mtu, mlango wazi, moshi nje. Ninachotaka ni mpishi aweke kiingilio, na sisi watu wa ng'ambo tuwe wa kwanza kulipa.

Desemba nilipokuja nikaenda Mji wa Kale. Mzee alikuwa juu ya karai, jasho lamtoka. "Wataka kununua ama wataka kutizama?" Kutizama, nikasema. Akanikagua juu mpaka chini. "Wewe mtu wa kaunti?" Nikamtajia nyumba yetu, akatulia, akanipa mwiko. Ni mrefu kama kasia na halua ikianza kukaza yakuvuta mabega. Sikufika dakika kumi. Yeye husimama saa kadhaa, mkono hausiti, ukisita halua yashika chini.

Kisha, mimi niliyelipa zaidi ya yuro kumi kuona mashine ikikoroga, nikamwomba anipunguzie shilingi hamsini kwa kilo. Ulimi ulitangulia, wallahi.

"Huko kwenu mwapunguziwa?" akauliza.

Akanipunguzia, tena akaniongezea kipande cha mkononi.