Aneji: Sifuri ya Mkononi Inaposomwa Vibaya

Kupima maambukizi ya kifua kikuu, muuguzi huingiza mililita 0.1 ya tuberkulini, yaani protini za vimelea vya ugonjwa huo, ndani ya ngozi ya mkono, na baada ya saa 48 hadi 72 hupapasa mahali pale kwa kidole akitafuta uvimbe mgumu, kwa sababu wekundu hauhesabiwi. Asipoupata huandika milimita 0, na kwenye cheti sifuri hiyo hugeuka neno moja, «hasi», ambalo mgonjwa hulichukua kuwa habari njema. Aneji, yaani hali ya kinga ya mwili kutoitikia kitu ambacho ilipaswa kukitambua, ni jina la hatari iliyojificha ndani ya sifuri hiyo.

Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, alilitumia jina hilo mwaka 1908, miaka miwili baada ya kutunga neno aleji. Aliona kwamba watoto ambao ngozi yao ilikuwa ikiitikia tuberkulini waliacha kuitikia walipougua surua, kisha wakaitikia tena. Vimelea vya kifua kikuu havikuwa vimeondoka mwilini. Kinga ndiyo iliyokuwa imenyamaza kwa muda.

Wapo wanaotaka neno hili waachiwe wataalamu wa seli. Tangu kazi ya Jenkins na Schwartz mwaka 1987, aneji kwao ni seli T, mojawapo ya seli za kinga, iliyopata ishara ya kwanza, ya kukitambua kitu, bila ya pili, ya kuithibitisha, ikazimika, na kuzimika huko kuna manufaa, kwani ni njia mojawapo ya mwili kujizuia usijishambulie. Wengine hukumbusha kwamba Marekani ilipendekeza kipimo cha aneji kwa wenye VVU mwaka 1991, ikaliondoa pendekezo hilo mwaka 1997 kwa kuwa majibu yake hayakuaminika. Hoja hii ya pili naikubali kabisa, lakini kipimo kuachwa hakukuiondoa hali yenyewe.

Mwaka huohuo wa 1997 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Kampala kwa watu wazima wenye VVU, 718 kati yao wakiwa na aneji. Kinachonukuliwa sana ni kwamba isoniazidi, dawa ya kuzuia kifua kikuu, ilikipunguza kwa takriban theluthi mbili miongoni mwa walioitikia tuberkulini, ilhali kwa wenye aneji faida ya dawa hiyo haikuonekana wazi, na kutokana na hilo wengine walihitimisha kuwa watu hawa hawana haja ya kushughulikiwa. Mimi hunirudisha kwenye utafiti huo kundi ambalo halikupewa dawa. Miongoni mwa walioitikia na miongoni mwa wale ambao kipimo chao kilisoma sifuri, kifua kikuu kiliwapata watu zaidi kidogo ya 3 kwa kila 100 kwa mwaka, viwango vilivyokaribiana mno. Kwa hiyo ngozi iliyokaa kimya haikumwepusha mtu na chochote. Baadaye, huko Khayelitsha, Afrika Kusini, matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha isoniazidi ikipunguza kifua kikuu kwa asilimia 37 kwa waliokwisha kuanza ARV, bila ushahidi kwamba faida iliishia kwa wale ambao mkono wao ulivimba.

Shirika la Afya Duniani halilazimishi tena kipimo cha ngozi kabla ya mwenye VVU kupewa dawa ya kinga, na hilo ni sahihi. Bado kipimo kinatumika, na panapotumika ningependa kwenye cheti cha mtu ambaye kinga yake imeshuka paandikwe «ngozi haikuitikia», na mgonjwa aelezwe, kabla hajatoka chumbani, kwamba akianza kukohoa au kutokwa na jasho usiku arudi mara moja.