Ufilipino: Tatizo Si Gurudumu, Ni Mahojiano Yanayolitangulia

Wanaopinga michezo ya zawadi katika televisheni za Ufilipino wanasema gurudumu la bahati linalozungushwa kwenye vipindi vya mchana linamzoesha maskini kungoja bahati badala ya kudai haki yake. Wana ushahidi mzito. Tarehe 4 Februari 2006, kipindi cha zawadi cha mchana, Wowowee, kikitimiza mwaka mmoja, watu wanaokadiriwa kufika 30,000 walifurika nje ya uwanja wa PhilSports, mjini Pasig, wengine wakiwa wamelala palepale. Watu wakasukumana langoni, na zaidi ya 70 wakafa, wengi wao wanawake.

Baada ya hapo yakaja mahubiri kuhusu tamaa. Hebu tupige hesabu kwanza. Kima cha chini cha mshahara Manila wakati ule kilikuwa peso 325 kwa siku. Zawadi kubwa ya kipindi siku hiyo ilikuwa peso milioni 1, yaani ujira wa siku 3,077. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, hiyo ni karibu miaka kumi, tena bila kula, bila nauli, bila mtoto kuugua. Na huyo ni mwenye ajira rasmi. Mama anayefua nguo za watu hana uhakika hata wa hizo 325. Kweli, ukiigawa milioni ile kwa watu 30,000 kila mmoja anaambulia peso 33, na aliyekesha kwenye foleni siku mbili amepoteza 650. Ni hasara, hata ukiongeza zawadi ndogondogo. Lakini ni foleni gani nyingine mjini humo ambayo mwishoni mwake kulikuwa na miaka kumi ya mshahara?

Halafu magurudumu yenyewe hayafanani. Lile la perya, maonyesho ya michezo yanayohama mji hadi mji, limesimama wima, lina misumari ukingoni na kiulimi kinachoigonga, na mchezaji huweka sarafu zake kwanza. Hiyo ni kamari. Lile la kipindi cha Wheel of Fortune, kilichoendeshwa na Rustom Padilla mwaka 2001 na Kris Aquino mwaka 2008, limelala chali na linamtaka mchezaji ajue kufumbua maneno. Kwenye vipindi vya mchana mshiriki haweki hata senti.

Analotoa ni maisha yake. Kabla ya kucheza huulizwa nani mgonjwa nyumbani, mume yuko wapi, wanakula nini. Kamera inamsogelea, na machozi yakitoka, ndipo noti zinapochomolewa mfukoni. Mwaka 2011, katika kipindi cha Willing Willie cha kituo cha TV5, mtoto wa miaka sita alicheza dansi ya kikubwa huku akilia, ukumbi ukicheka. Wadhamini wakajiondoa. Kilichomdhalilisha mtoto yule hakikuwa bahati nasibu.

Wanaodhani watazamaji hulishwa chochote wakumbuke Agosti 2007. Katika mchezo wa Wilyonaryo wa Wowowee, gurudumu alilochagua mshiriki lilionyesha namba 0, kisha gurudumu lilelile likatoa namba 2, jambo lililoonekana kama udanganyifu. Kituo kilisema ni hitilafu ya kifaa, lakini Joey de Leon wa kipindi hasimu, Eat Bulaga!, akalivalia njuga, na likafika hadi serikalini. Watazamaji hawa hawakuwa wakingoja huruma ya Willie Revillame, mtangazaji wa Wowowee. Walikuwa wakihesabu namba. Kitu pekee studioni kilichopaswa kutojua nani amelia sana na nani hakulia, yaani gurudumu, kilionekana kuchezewa.

Wizara ya biashara ya huko tayari hukagua masharti ya promosheni za bidhaa na hutuma mwakilishi kwenye droo. Kukagua maswali anayoulizwa mshiriki si kazi ngumu kuliko hiyo. Mshiriki ataje jina, aseme anatoka mtaa gani, azungushe gurudumu, achukue chake aende.