Mstari mmoja au ramani ya uwezekano?

Kati ya Januari na Machi, nyasi za juu ya Aberdare na Mlima Kenya zikikauka, swali linalosumbua makao makuu ya Shirika la Huduma za Misitu pale Karura, Nairobi, ni hili: moto ukiwaka leo, kesho asubuhi utakuwa umefika wapi? Kompyuta inaweza kuchora mstari mmoja wa mahali moto utakapofika. Inaweza pia kupiga hesabu mara 100, kila mara kwa upepo na unyevu tofauti kidogo, kisha itoe ramani ya uwezekano: bonde hili 80 kwa 100, ukingo ule 15.

Wanaotaka mstari wana hoja nzito. Ofisa mwenye redio mkononi lazima aamue kabla ya giza mkanda wa kuzuia moto ukatwe wapi. Ukimpa asilimia, unaweza kumchelewesha.

Lakini mstari huo unaficha mengi. Programu nyingi zingali zinategemea milinganyo ya mtafiti Rothermel ya mwaka 1972 ya kukadiria kasi ya moto, iliyoundwa Marekani kwa kuchukulia kwamba mimea inayoungua imetandazwa sawasawa ardhini. Peke yake, milinganyo hiyo haihesabu makaa yanayorushwa na upepo hadi ng'ambo ya mto. Setilaiti nazo, hata zenye VIIRS, kifaa cha kuhisi joto la moto kutoka angani, huona moto kwa vipande vya mita 375, na wingu likitanda haziuoni. Kwa hiyo hata pale moto ulipo sasa hivi ni makadirio.

Ramani ya uwezekano nayo si salama, na hapa ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi. Kubadilisha upepo mara 100 hakusaidii iwapo ramani ya mimea inasema nyasi mahali penye vichaka virefu. Hesabu zote zitakosea upande mmoja, na kukubaliana kwao kutaonekana kama uhakika.

Hata hivyo nachagua ramani ya uwezekano, kwa masharti. Kiwango cha kuchukua hatua kikubaliwe mapema, moshi haujaonekana, pamoja na askari wa misitu na vijiji vya pembeni: kwenye 15 mifugo ihamishwe, kwenye 40 watu waondoke. Na kila utabiri uhifadhiwe upimwe. Maeneo yaliyopewa 80, je, yaliungua 80 katika kila 100? Yakiwa 50, mimea ikakaguliwe kwa miguu, mlimani, kabla ya kiangazi kingine.