Kabla ya Kubadilishwa Nyonga, Pima Wekundu wa Damu

Mgonjwa akishapangiwa kubadilishwa nyonga, ndugu huanza kuulizana nani atamtolea damu. Wanafanya vizuri. Lakini ningependa waanze na swali jingine: wekundu wake wa damu ni kiasi gani, na ulipimwa lini?

Katika upasuaji huu mfupa wa paja hukatwa na kifuko cha nyonga, pale kichwa cha mfupa huo kinapoingia, huchongwa. Mfupa uliokatwa huvuja damu kutoka ndani, wala haufungiki kwa uzi kama mshipa. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume mwenye himoglobini, yaani wekundu wa damu, chini ya gramu 13 kwa desilita ana upungufu wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito ni chini ya 12. Anayeingia na 10 hana akiba ya kupoteza.

Jambo linaloniuma ni hili. Mwenye nyonga iliyosagika huishi kwa dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, pengine kwa miaka. Dawa hizohizo zinazomwezesha kutembea huweza kuchubua tumbo, damu ikavuja polepole bila yeye kujua. Ukimwongezea damu siku ya upasuaji umejaza pengo tu. Kidonda bado kipo. Ndiyo maana kipimo kinatakiwa wiki kadhaa kabla, chanzo kitafutwe, na vidonge vya madini ya chuma vipate muda wa kufanya kazi. Muda ukiwa mfupi, kuna madini ya chuma ya kutundikiwa kwenye dripu. Upasuaji wa nyonga iliyosagika, tofauti na iliyovunjika, kwa kawaida unaweza kusubiri. Basi usubiri.

Kuna pia asidi ya traneksamiki, iliyotangazwa na Utako na Shosuke Okamoto wa Japani mwaka 1962. Huzuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Ni dawa ya bei nafuu, na majaribio mengi yameonyesha inapunguza uvujaji na idadi ya wanaoongezewa damu. Aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, au kupata degedege, amweleze daktari mapema.

Baada ya upasuaji, namba pekee isiamue kama mgonjwa aongezewe damu. Utafiti wa FOCUS wa 2011, uliohusu wazee zaidi ya 2,000 waliopasuliwa nyonga zilizovunjika, ulionyesha kuwa kusubiri himoglobini ishuke chini ya 8, au dalili zijitokeze, hakukuongeza vifo wala kuwazuia kutembea kuliko kuongeza damu mara tu inaposhuka chini ya 10. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu kisichoisha hata kwa dripu ya maji apewe damu, tena bila kusitasita. Asiye na dalili lakini aliyeshuka chini ya 8 apewe chupa moja, kisha apimwe upya kabla ya ya pili.

Na anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiiache kwa ushauri wa jirani. Tarehe ya kuacha na ya kurudia ziandikwe na daktari, kila moja kwa siku yake.