Ekicolong Ilale Wapi? Hoja ya Makumbusho ya Jamii Karamoja

Mwanaume wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, akitoka na ng'ombe hubeba ekicolong, kigoda kidogo kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti. Mchana hukikalia, usiku hukifanya mto. Kila siku kigoda hicho hupata mafuta ya mikono na moshi wa moto, na mwenyewe hukitazama mara nyingi kabla jua halijazama. Bungua, mdudu atoboaye mbao, hana raha hapo. Moshi humfukuza, mafuta huziba vinyweleo vya mti, na tundu jipya likitokea linaonekana siku hiyohiyo. Kitoe kigoda kwenye manyatta ukifungie ndani ya kabati la kioo, nacho kitapoteza walinzi wote watatu kwa mpigo.

Jambo hilo husahaulika kila inapozuka hoja ya kujenga makumbusho ya jamii katika gombolola (kata) fulani ya Karamoja. Kuna wanaosema urithi wa eneo hili kame utunzwe na asasi ndogo zisizo za faida, karibu na wenyewe. Kuna wanaosema vitu vya thamani vipelekwe penye wataalamu: makumbusho ya serikali yaliyoko Moroto, au Makumbusho ya Uganda pale Kitante, Kampala, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Kila upande una jambo la kweli. Tatizo ni kwamba wengi huzungumzia urithi kana kwamba ni kitu cha aina moja, wakati mfupa wa nyani wa kale na kibuyu cha maziwa havihitaji ulinzi wa namna moja.

Tuanze na mifupa, kwa kuwa hapo upande wa serikali una nguvu zaidi. Miamba ya Moroto na Napak imetoa visukuku, yaani mifupa iliyogeuka jiwe, vya nyani wa kale vinavyojulikana na wanasayansi duniani kote. Morotopithecus, aliyepewa jina hilo mwaka 1997 kutokana na mifupa iliyoanza kukusanywa miongo kadhaa kabla, anakadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka milioni 21. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Uganda na Ufaransa, likiongozwa na Martin Pickford na Brigitte Senut, lilipata Napak fuvu la nyani wa takriban miaka milioni 20, likapelekwa Paris kusafishwa na kupigwa picha za eksirei. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwenye chumba kimoja chenye dirisha la mbao. Kisukuku kikichomolewa bila kuandikwa tabaka la udongo kilimokuwa, kinabaki jiwe zuri lisiloweza kutoa ushahidi. Kikifungwa plasta vibaya kinavunjika njiani. Na kilichotumika kuipa spishi jina lake ni kimoja tu duniani: kikipotea hakuna cha kulinganisha nacho. Asasi ya kijiji iombe nakala ya plasta iliyopakwa rangi vizuri, pamoja na ramani ya mahali kilipopatikana. Kazi yake kubwa zaidi iwe kuwaeleza vijana wanaochimba marumaru na dhahabu wamwite nani wakikutana na mfupa ndani ya mwamba.

Upande huo una hoja ya pili, nayo ni usalama. Wizi wa mifugo ulirudi kwa nguvu kuanzia 2019, na watu wa Karamoja hawajasahau jinsi silaha zilivyoporwa katika kambi ya Moroto mwaka 1979. Nyumba yenye vitu vya thamani pembezoni mwa njia ya ng'ombe inahitaji mlinzi wa usiku, na mlinzi hula kila siku.

Lakini vitu vya nyumbani vina hesabu nyingine. Thamani ya elepit, chombo cha mbao cha kukamulia maziwa, haiko kwenye mbao peke yake. Iko katika kujua nani alikichonga, kwa mti gani, kilifukizwa kwa moshi wa mti upi, na kwa nini kinapewa mtu fulani wala si mwingine. Majibu hayo yamo vichwani mwa wazee wanaoishi umbali wa kutembea. Kikienda Kampala kinapata kadi ya mistari miwili, na hakuna apitaye pale atakayesema kadi imekosea. Kikiwa Kotido au Kaabong, bibi mmoja akipita kwenda sokoni atasimama, atacheka, na kusema hicho si cha Wajie, ni cha Wadodoth, majirani zao. Masahihisho ya namna hiyo hayanunuliki.

Tena, mahali kitu kinapolala ndipo panapoamua nani atakiulizia. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilileta Kampala vitu 39 vilivyochukuliwa Uganda enzi za ukoloni, kwa mkopo wa miaka mitatu unaoweza kurefushwa. Ni hatua njema. Hata hivyo, hata vikibaki moja kwa moja, safari ya pili, ya kutoka Kampala hadi kwa jamii zilizovitengeneza, bado haijapigiwa hesabu. Kuna tahadhari moja hapa isemwe wazi: makumbusho mengi ya zamani yaliua wadudu kwa sumu ya aseniki na baadaye DDT. Ngozi au manyoya yaliyokaa miaka themanini kwenye stoo kama hiyo yasivaliwe na mtu katika sherehe ya mapokezi kabla hayajapimwa.

Uganda ina uzoefu wa makumbusho yasiyo ya serikali. Edirisa kule Kabale na Igongo karibu na Mbarara yanajulikana, na asasi ya Cross-Cultural Foundation of Uganda, iliyoanza 2006, imekuwa ikiyasaidia makumbusho ya jamii sehemu nyingi za nchi. Lakini Igongo ipo kando ya barabara kuu yenye wasafiri kila saa, na Kabale ina watalii wa ziwa. Anayeiga mfano huo Karamoja akitegemea tikiti za mlangoni atafunga ndani ya mwaka mmoja. Huku mgeni hupita kwa msimu, na wakati wa ghasia hapiti kabisa.

Kwa maoni yangu udhaifu mkubwa wa makumbusho ya jamii ni kwamba fedha za mradi hujenga, lakini hazifagii. Mfadhili atalipia nyumba, kabati na sherehe ya kukata utepe. Hakuna mradi unaolipa mtu wa kuinamia kila kitu na tochi mwaka wa nne. Hesabu yenyewe si kubwa: vitu 60, dakika 20 kwa kila kimoja, ni saa 20. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua, ni saa 40. Asiyekuwa na uhakika wa saa hizo 40 kwa miaka kumi ijayo asichukue kitu cha mtu.

Nyumba nayo huua kimyakimya. Mabati bila dari hupika chumba mchana na kukipoza usiku. Hewa ya kiangazi, kati ya Novemba na Machi, ni kavu kweli, kisha mvua za Aprili huleta unyevu ghafla. Mti hauumizwi sana na ukavu kama unavyoumizwa na kupanda na kushuka huko: unavimba na kusinyaa kukatisha nyuzi zake mpaka unapasuka. Ngozi mbichi inajikunja na kuwa ngumu kama ubao. Kuta za udongo zenye unene wa sentimita 40, dari, ukingo wa paa unaotokeza sentimita 75 na matundu ya hewa yenye wavu mwembamba hutuliza chumba kuliko feni yoyote. Vitu vikae sentimita 15 juu ya sakafu na 10 kutoka ukutani, ili njia za mchwa zionekane kabla hawajafika. Mwanga wa jua usiguse ngozi, nguo wala manyoya: luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) zinatosha kwa macho ya mgeni, na dirisha la kaskazini lenye pazia hutoa zaidi ya hizo.

Wadudu wakiingia, ushahidi wa kwanza ni unga laini chini ya kitu. Fagia, weka karatasi nyeupe, rudi baada ya wiki. Unga mpya maana yake wadudu wako kazini. Bila unga, huenda tundu ni la zamani. Dawa ya kupuliza isiguse kitu, kwani huacha doa na sumu. Penye umeme, friza ya kawaida inatosha: funga kitu ndani ya nailoni, kamua hewa, gandisha kwa nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiache saa 24 bila kufungua nailoni, maana umande lazima utue nje ya mfuko. Friza isijazwe, kwa sababu baridi ikiingia polepole wadudu huizoea. Umeme ukikatika hadi friza ikayeyuka, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Penye jua tupu, mbao isiyo na ngozi, shanga, nta wala gundi inaweza kufungwa kwenye nailoni nyeusi na kuanikwa hadi kiini chake kifike nyuzi 55 kwa saa moja. Kipimajoto kiwe ndani ya kipande cha mti cha unene uleule, kisiwe juu yake. Ngozi usianike hivyo. Itasinyaa na haitarudi.

Mapambo ya kichwa ya udongo, nywele na manyoya ya mbuni ndiyo mtihani mgumu kuliko yote: udongo hubanduka ukiguswa, nondo hula manyoya, na hakuna friza inayokubali kitu kinachomeguka hivyo bila kukiegemeza pande zote. Mkusanyaji mwenye busara huchukua kimoja au hachukui kabisa. Na kibuyu cha maziwa kisioshwe kamwe. Moshi na mafuta yaliyoganda ndani ndiyo historia yake.

Kuliko vyote hivyo, kinachotenganisha makumbusho na ghala ni daftari. Namba kama 2025.3.1 ina maana mwaka, kundi la tatu la vitu vilivyopokewa mwaka huo, kitu cha kwanza katika kundi. Kando yake liandikwe jina la kitu kwa Ngakarimojong au lugha ya mwenyewe, aliyekitengeneza, alikotoka, hali yake, picha yake, na masharti ya aliyekitoa. Kwenye mbao na chuma namba huandikwa juu ya tabaka jembamba la Paraloid B-72, plastiki angavu inayoyeyushwa kama vanishi, gramu 20 kwa mililita 100 za asetoni, kisha tabaka la pili juu ya wino. Rangi ya kucha, inayotumiwa sana kwa sababu ipo dukani, hugeuka njano na kubanduka na namba yake. Ngozi na shanga hufungwa kitambulisho cha kitambaa kilichoandikwa kwa penseli. Uzi wa shanga uliochakaa usibadilishwe. Ulazwe juu ya wavu laini. Mbinu ya RE-ORG, ya kupanga upya stoo, ya ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi, iliyotungwa kwa ajili ya makumbusho madogo, ina kipimo kizuri: kitu chochote kipatikane ndani ya dakika tatu. Nakala ya pili ya daftari ilale nyumba nyingine.

Ukishakuwa na daftari, linakuja swali ambalo pande zote mbili hulikwepa: je, kitu lazima kiondoke nyumbani? Inawezekana kukiandikisha, kukipiga picha, kumrekodi mwenyewe akikieleza, na kukiacha pale pale kazini, kikiletwa kuonyeshwa siku chache kwa mwaka. Pingamizi lina uzito. Mwaka wa njaa familia huuza, na mfanyabiashara wa vinyago hulipa papo hapo. Moto wa manyatta mmoja humaliza vyote. Nakubali, vingine vitapotea. Ila chombo kilichouzwa baada ya kuandikishwa kimeacha jina, picha na sauti. Kilichooza kabatini bila namba hakikuacha chochote. Kwa hiyo ningechukua vichache sana, vile ambavyo hakuna tena ajuaye kuvitengeneza, na vilivyobaki ningevifuata vilipo.

Kurekodi nako kuna gharama na mipaka. Saa moja ya sauti ya WAV, kilohezi 48 na biti 24, ni kama gigabaiti moja. Nakala tatu, moja nje ya wilaya. Maneno ya asapan, jando la wanaume, na ya akiriket, kusanyiko la dhabihu, si ya kila sikio, na mzee aliyekubali kurekodiwa hakukubali kuwekwa intaneti. Nani asikilize, nani asisikilize, viandikwe palepale kwenye mstari wa namba.

Limebaki suala la umiliki, linalozua ugomvi mrefu kuliko bungua. Asasi nyingi huanza kwa mtu mmoja mwenye moyo, kiwanja chake na vitu vyake. Akifariki, warithi huona nyumba ya kupangisha. Tangu 2023 nchi ina Sheria mpya ya Makumbusho na Kumbukumbu iliyochukua nafasi ya ile ya 1967, lakini hakuna sheria itakayoeleza familia ya Iriiri ilikusudia nini ilipotoa mkuki wa babu. Hilo ni la karatasi ya kupokelea: ni zawadi au ni amana, familia inaweza kuuazima kwa sherehe au la, na asasi ikifa mkuki urudi kwa nani. Isomwe kwa sauti kwa lugha ya mwenyewe kabla ya dole gumba kuwekwa, na nakala zake ziwe tatu: moja kwa familia, moja kwenye asasi, moja kwenye makumbusho ya Moroto.